Kukaa Ubaoni na Mkwe

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeshindwa na Mzee Kailemia tena, na hakungoja hata chai yangu ipoe. Nilikuwa nimemla ngome na farasi, watu wa klabu yetu ya chesi wamesimama nyuma yangu wakinong'ona kwamba leo ndiyo leo, halafu nikaanza kuwaza vile nitakavyomsimulia mume wangu nikifika nyumbani. Nilipoinua macho malkia wangu hayupo. Kailemia alikuwa amemlaza kando ya sahani yake ya chapati. Akaniambia, "Pole Mama Nelius. Chess ni kipawa, na Mungu hugawa anavyotaka." Mimi ni Mkatoliki, sibishani na Mungu. Lakini na Kailemia nitabishana.

Shajara hii naianza kwa sababu ya tangazo la leo. Mwalimu Kaburu, nahodha wetu, alisimama akasema kwamba Siku ya Jamhuri timu ya Nkubu itaenda Embu kucheza na timu yao, watu wanne kwa wanne. Viti vitatu vina wenyewe: Kaburu mwenyewe, Mwirigi mwenye hoteli tunamochezea, na Kathuri wa duka la dawa za mifugo. Kiti cha nne ni changu au cha Kailemia. Tutakichezea mwisho wa Novemba, mchezo mmoja, mshindi anakwenda.

Nakitaka kiti hicho. Nimezeeka kwenye cherehani nikishonea watoto wa watu nguo za shule, na sijawahi kuchaguliwa katika timu yoyote, hata ile ya kuvuta kamba. Nakitaka mpaka naona haya.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua imeanza. Mume wangu Salesio ametembea shambani na mwavuli akiyasalimia maharagwe.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeamua kuuliza. Mtu akitaka kujua kushona kola huuliza anayejua, sioni kwa nini chesi iwe tofauti. Basi nimezunguka mji mzima na maswali yangu. Mtu hufanyaje ili aache kushindwa? Umri wangu umepita? Nikariri njia ngapi za kufungua mchezo? Na mbona nikiwa mbele ndipo napoteza?

Mwirigi alisema nikariri njia kumi za kufungua, na akanionyesha tatu juu ya unga wa chapati. Kathuri alisema nicheze ile michezo ya haraka kwenye simu, mingi kabisa, mkono uzoee. Kaburu alisema mafumbo, Mama, mafumbo kila asubuhi kabla ya chai. Nilipomuuliza Kailemia kuhusu umri, naye ananizidi miaka kumi, alisema kwa wanawake umri hupita mapema.

Nimerudi nyumbani nikiwa na majibu mengi kuliko maswali niliyotoka nayo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Ninaye mtu anayejua chesi kuliko wote hao, na ni wa nyumbani. Tatizo ni kwamba ni mkwe wangu.

Muchangi amemwoa Nelius, binti yangu wa pekee. Wanakaa Majimbo, mjini Embu, na mjukuu wangu Kanini. Muchangi ndiye aliyemletea Salesio ubao wa chesi zamani kama zawadi, na Salesio akauweka juu ya kabati mpaka mwaka jana nilipovunjika mguu, nikaushusha kwa kukosa la kufanya. Muchangi huchezea timu ya Embu, tena ubao wa nne. Kwa hiyo nikipata kiti, nitakayekaa naye uso kwa uso ni yeye.

Na kukaa huko ndiko kusikowezekana. Kwao Mbeere bado wanashika sana heshima ya muthoni, yaani mkwe. Haniangalii usoni, hakai nami meza moja, hali chakula mbele yangu. Akija kwetu hukaa nje na Salesio, nami nikitokea ana shughuli ya ghafla nyuma ya nyumba. Siku moja tulikutana kwenye kijia, akaruka ua wa jirani ili nipite, akatua ndani ya zizi la ng'ombe na suti yake ya kanisani. Nilipita nikijifanya sijaona.

Lakini wazee hawakuweka sheria ya simu. Leo nimempigia picha karatasi ya mchezo wangu na Kailemia, hatua zote nimeandika, nikamtumia na kumuuliza: Baba Kanini, nimekosea wapi?

Ijumaa, 11 Oktoba

Amejibu. Nanakili neno kwa neno maana nimefurahi: "Habari za asubuhi Mama. Nimeangalia mchezo. Umecheza vizuri sana. Labda, kama ungependa, malkia angeweza kukaa nyumbani kidogo. Lakini hata alipoenda ni pazuri. Asante sana Mama."

Vizuri sana! Nimemsomea Salesio mara mbili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeshindwa na Kathuri. Nimeshindwa na Kaburu. Nimemtumia Muchangi michezo yote miwili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Muchangi anasema michezo yote miwili ni mizuri, na kwamba farasi wangu "ana bidii". Nimewaambia wenzangu sokoni. Mvua mchana kutwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo Mwirigi amenishinda huku anakaanga. Anakuja na mwiko mkononi, anaangalia ubao kama mtu anayeangalia saa, anasogeza kete moja, anarudi jikoni. Mimi nimekaa pale nimeshika kichwa. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaingia chooni kwa Mwirigi nikalia kidogo.

Sielewi. Mchezaji wa timu ya Embu ananiambia nacheza vizuri sana, na hapa Nkubu mtu ananipiga akigeuza chapati.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimpigia Nelius baada ya misa. Nikamwambia nashangaa, mume wako ananisifu na bado nashindwa na kila mtu. Akacheka mpaka simu ikamdondoka.

"Mama, kwani ulidhani atakuambia nini? Wewe ni muthoni wake. Ukituma githeri imeungua anakula yote na kusema imeiva sawasawa."

"Kwa hivyo sichezi vizuri?"

"Mimi sijui chess. Lakini nimemwona akiangalia hizo karatasi zako. Anashika shingo hivi, anasema 'uuui', halafu anaketi nusu saa akitafuta maneno ya adabu."

Nilikata simu nikiwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani. Nimekuwa nikilishwa heshima kama mgonjwa anavyolishwa uji. Na Novemba inakuja.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimepata njia. Nimechukua michezo yangu mitano ambayo hajaiona, nimeiandika upya kwenye simu ili asione mwandiko, nikamtumia na ujumbe huu: "Baba Kanini, kuna mzee mmoja wa huku kwetu ambaye anashindwa kila siku na anaona haya kuuliza. Anataka aambiwe ukweli bila kufichwa. Msaidie tafadhali."

Salesio alisoma juu ya bega langu. "Cicily," akasema, na akiniita Cicily najua si utani, "muthoni si mtu wa kufanyia mchezo. Ukimtega mkwe umejitega mwenyewe."

Nikamwambia aende akaangalie kahawa yake.

Jumatano, 23 Oktoba

Jibu limekuja kabla sijafungua kibanda changu cha kushonea. Refu, ningelinakili lote wino ungekwisha. Ni kama mtu aliyezuiwa mdomo wiki mbili nzima.

"Mama, huyo mzee ni lazima aambiwe. Anacheza kama kuku aliyenyeshewa. Akitishwa na askari mmoja tu anakimbia, hata hajaangalia kama tishio lenyewe ni la kweli. Malkia anamtoa mapema, anazunguka naye ubao mzima akifukuzwa, na wakati huo farasi na maaskofu wake bado wamelala. Halafu mbaya zaidi: akipata kitu, anaacha kucheza. Katika michezo mitatu kati ya hii alikuwa ameshinda. Ameshinda kabisa! Ni kama anaanza kuwaza mambo ya kusimulia watu. Tena nadhani ni mtu wa kupenda sifa. Mwambie aache kukariri njia hizi za kufungua, hazimsaidii, haelewi hata moja. Na kama anacheza ile michezo ya haraka ya simu, aifute, inamfundisha kukosea kwa kasi."

Mtu wa kupenda sifa! Nilimshonea sketi mtoto wa shule nikaweka zipu mbele. Nilitaka kumpigia nimuulize ni nani aliyemfundisha kusema hivyo juu ya watu wazima. Nikaenda nikanunua ndizi nisizozihitaji. Nikarudi nikasoma tena, nikafika pale pa mambo ya kusimulia watu, nikakumbuka Jumamosi ile malkia wangu alipolazwa kando ya chapati.

Amejuaje? Hatua tupu, herufi na namba, na ameniona ndani kabisa. Nina aibu, na chini ya aibu kuna furaha ambayo sijui nimpelekee nani. Mtu amenichukua kama mchezaji. Hata kama anadhani nina ndevu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemuuliza kwa niaba ya mzee: je, umri wake umepita? Amejibu, "Umri si shida yake. Shida yake ni kwamba hajiulizi. Kabla hajagusa kete yoyote ajiulize mwenzake anataka nini. Swali hilo moja tu, kila hatua. Mengine baadaye."

Nimeandika swali hilo kwa chaki kwenye meza ya cherehani. Wateja wanauliza ni la nini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimeshindwa na Kaburu lakini mara hii amehangaika kunimaliza. Aliniangalia akasema, "Mama Nelius, leo umekaa."

Alhamisi, 31 Oktoba

Mzee ameuliza: ni afadhali acheze na wanaomzidi au walio chini yake? Muchangi: na wanaomzidi, lakini kila akishindwa aurudie mchezo peke yake kabla ya kumlalamikia mtu. Mzee amekubali. Salesio anakula chakula cha jioni nikisogeza kete kati ya sahani, anasema ameoa tena, mara hii ameoa ubao.

Jumamosi, 2 Novemba

Droo na Kathuri! Alinitisha askofu kwa askari. Mkono wangu ulishatoka kumkimbiza, nikaurudisha. Nikamwacha palepale, maana tishio lilikuwa maneno matupu. Mara nyingine napata shida hata kumtoa askofu kafara, naona kama dhambi. Lakini hatua chache baadaye nilimtoa bila kujifanyia ishara ya msalaba.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua imezidi, kahawa haikauki. Salesio ananuna. Mimi sinuni.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemshinda Mwirigi. Chapati ziliungua, harufu ikajaa hoteli nzima, naye hakuinuka. Hatimaye alimlaza mfalme wake na kunipa mkono ulio na unga. Wateja waliokuwa wakisubiri chakula walipiga makofi bila kujua ni kwa nini.

Nilikimbia nyumbani kuuandika mchezo na kumtumia Muchangi: "Mzee ameshinda leo! Tazama." Akajibu papo hapo, "Safi kabisa! Mpe pongezi huyo mzee. Huyu si yule kuku tena." Nimelala mchana nikitabasamu.

Jumapili, 10 Novemba

Yamenifika.

Kaburu ameuweka mchezo ule ule kwenye kundi la simu la wachezaji wa Meru na Embu, hatua kwa hatua, na maneno haya: "Mama Nelius wa Nkubu amshinda Mwirigi." Muchangi yumo kwenye kundi hilo. Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kufikiria.

Nelius alipiga saa nane. Hakunisalimia. "Mama, umefanya nini? Ameketi kitandani tangu asubuhi. Anasema amemwita mama mkwe wake kuku. Anasema aliandika kwamba unapenda sifa. Amempigia mjomba wake Hezekiah, wanataka kuleta mwati."

Mwati ni kondoo jike mchanga. Huletwa mtu akimkosea mkubwa wake kosa zito. Mkwe wangu anataka kuniletea kondoo kwa sababu aliniambia ukweli niliomwibia.

"Mwambie asilete kitu. Kosa ni langu."

"Hata simu yako hawezi kuishika, Mama. Anaiangalia tu. Wewe hujui vile anakuheshimu. Ulichezea kitu kikubwa."

Salesio alikuwa amekaa hapo. Alikuwa na haki ya kusema nilikuambia. Badala yake akanimiminia chai, na hilo likaniuma kuliko kama angesema.

Alhamisi, 14 Novemba

Muchangi hajaandika. Nimemtumia mchezo mmoja kwa jina langu mwenyewe. Kimya.

Jumamosi, 16 Novemba

Habari zimefika klabu, kwa sababu Nkubu habari hufika kabla yako. Kailemia alisubiri watu wajae, akasimama na kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na Mama Nelius. Lakini ubao wa nne wa Embu ni muthoni wake. Tangu lini mtu akakaa uso kwa uso na mama wa mkewe, wanyang'anyane vitu? Tena sasa kuna maneno kati yao. Tukimpeleka tutaaibika. Kiti nipewe mimi, yaishe."

Nilitaka kusema kwamba hajali mila, anajali kiti. Lakini baadhi ya watu walitikisa kichwa kumuunga mkono, na nikaona Kaburu amekwama. Ni mtu mwema na hapendi ugomvi. Mwishowe akaamua: nikileta neno la Muchangi kwamba yuko tayari kukaa nami, tutacheza na Kailemia kama ilivyopangwa. Nisipolileta kufikia Jumamosi ijayo, kiti ni cha Kailemia bila kucheza.

Kwa hiyo kiti changu kimeenda kukaa Majimbo, kwenye simu ambayo haishikwi.

Jumatano, 20 Novemba

Nimetoka Embu sasa hivi, miguu imelowa, lakini nitaandika yote.

Aliyekosa ndiye hubeba mzigo. Nilijaza kiondo nduma, ndizi na unga wa wimbi, nikakifunika kitambaa kama ninaenda kumwona mzazi. Salesio aliniuliza, "Unampelekea mkwe? Mambo yamegeuka basi." Nikamwambia yamegeuka tangu nilipoitwa mzee.

Nelius alifungua mlango, na kabla hajanikaribisha nilisikia kiti kikisukumwa jikoni. Muchangi alikuwa nyumbani. Hakutoka. Kati ya sebule na jiko lao kuna ukuta mwembamba na mlango usio na pazia. Nikakaa upande wangu wa ukuta. Nelius alisimama mlangoni, Kanini amemshika sketi, akatutazama zamu kwa zamu.

Nikasema, "Nelius, mwambie Baba Kanini nimekuja kuomba msamaha."

Nelius akageukia jikoni. "Mama anasema..."

"Nimesikia," sauti ikasema. "Mwambie Mama ni mimi. Hezekiah ameshaona mwati mzuri, Jumapili tutakuja."

"Mwambie mwati huo akiuleta nitaurudisha. Mimi ndiye niliyemdanganya. Hakumtukana mama mkwe, alimkosoa mzee mmoja asiyejua kucheza."

Sufuria ikachemka huko, mtu akaipunguzia moto.

"Mwambie," nikasema, "kwamba wiki mbili alinisifu na wiki mbili nilishindwa. Yale maneno ya kuku ndiyo mafunzo ya kwanza niliyowahi kupata. Mwambie watu hunionea huruma. Wateja, wachezaji, hata padri. Yeye peke yake aliniangalia nikicheza akasema nilivyo. Mwambie siombi tena sifa zake, ninaomba akae nami ubaoni Siku ya Jamhuri."

Nelius hakurudia. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso.

"Mwambie Mama," akasema Muchangi polepole, "siwezi kukaa nikimwangalia."

"Mwambie aangalie ubao. Nani humwangalia mwenzake akicheza?"

Nikasikia kitu kama kikohozi. Kilikuwa kicheko kilichobanwa.

"Na mwambie kuna sharti," nikaongeza. "Asinipe. Akinipa hata askari mmoja kwa heshima, nitasimama nitoke."

Kanini alichungulia jikoni akarudi akaniambia, "Cucu, baba anashika shingo."

Muchangi akasema, "Mwambie Mama hapo ndipo ugumu ulipo. Kukaa nitakaa. Kumpiga mama wa mke wangu mbele ya watu, mkono wenyewe unaweza kukataa. Lakini nitajaribu."

Ndilo neno nililokwenda kuchukua. Nimerudi nalo, na nusu yake inanitia wasiwasi. Ninaweza kukipata kiti, nisafiri mpaka Embu, halafu nipewe ushindi kama peremende.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimemfikishia Kaburu neno. Kailemia alivaa kofia akaivua akaivaa. Tunacheza Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 25 Novemba

Jua kidogo. Kahawa imeanikwa. Nimerudia michezo yangu yote niliyoshindwa na Kailemia. Ni mingi, lakini nilishindwa kwa kosa lile lile kila mara. Hilo limenipa moyo, maana kosa moja naweza kuliangalia.

Jumamosi, 30 Novemba

Hoteli ilijaa. Mwirigi alizima majiko, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi ya babake.

Kailemia anacheza kwa kelele, anagonga kete kama anapigilia misumari. Zamani kila kishindo kilinifanya nirudi nyuma. Leo nilikaa nikijiuliza swali langu. Tulipofika katikati akamsukuma askari kumtisha askofu wangu, akaegemea kiti, akaanza kumwambia Kathuri habari za mvua. Alishajua nitamkimbiza. Nikajiuliza: anataka nini? Anataka nikimbie. Na nisipokimbia je? Nikaangalia ubao mzima, pole pole, na nikamwona farasi wangu. Akiruka, anamtisha mfalme na malkia kwa pamoja.

Nikamrusha. "Cheki," nikasema.

Kailemia aliacha habari za mvua.

Nilipomla malkia wake, mwili wote ulitaka kugeuka kumtafuta Salesio aliyekuwa mlangoni, nione kama ameona. Niliikalia mikono yangu. Kweli nimeikalia, kama mtoto, nikahesabu pumzi, nikarudi ubaoni. Mchezo ulichukua muda mrefu baada ya hapo. Hakuna kitu kigumu kama kushinda mchezo ulioushinda. Alipomlaza mfalme wake alinipa mikono yote miwili.

"Umenipiga, Mama Nelius. Hukuniibia." Akavaa kofia. "Nenda huko Embu usituaibishe."

Kailemia wa watu. Nimekosa hasira ya kumkasirikia.

Jumapili, 8 Desemba

Nimejishonea blauzi mpya. Nimeshona pia vitambaa vya mezani vinne kwa ajili ya mbao zetu. Mkono hautulii.

Alhamisi, 12 Desemba, Jamhuri

Naandika mezani kwa Nelius. Wanaongea kwa sauti humu ndani siwezi hata kufikiri, lakini nikingoja kesho nitaanza kuipamba hadithi.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, baridi, meza nne mstari mmoja. Muchangi alikuja na tai. Akasimama nyuma ya kiti chake macho yakiwa kwenye ubao. Msimamizi akasema wachezaji tupeane mikono. Ukumbi ukatulia, maana watu wa Embu wote walijua sisi ni nani. Mjomba Hezekiah alikuwa safu ya mbele na bakora yake. Muchangi akanyoosha mkono, kichwa kimeinama, akanigusa vidole tu. Tukakaa.

Alicheza kimya kimya, sawasawa kabisa, wala sikuona mahali pa kumshika. Nami sikukimbia hovyo. Nilimtoa malkia mapema kidogo, nikajilaumu, lakini nikamrudisha salama. Niliona vizuri. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ninaelewa ninachokifanya na kwa nini ninakifanya, na nikawaza kwamba hata nisiposhinda, hii tu inatosha.

Halafu akaiacha ngome yake. Akasogeza farasi, na ngome ikabaki mbele ya askofu wangu, peke yake, bila mlinzi. Hata Kanini angeiona.

Damu ilinipanda. Nilimtazama: macho chini, mikono magotini, mkwe mwema mwenye adabu. Amenipa. Mbele ya mjomba wake, mbele ya Kailemia aliyetoka Nkubu kuja kutazama, amenitupia ngome kama anavyonitumia sukari Krismasi. Machozi yalinijaa kwa hasira. Nilitaka kusimama nitoke kama nilivyoapa. Badala yake niliichukua ngome ile nikamweka askofu wangu mahali pake kwa kishindo, Hezekiah akashtuka.

Muchangi hakutikisika. Alingoja kidogo. Kisha malkia wake akavuka ubao wote kutoka kona hadi kona.

"Cheki."

Nikasogeza mfalme. Farasi akaja. Nikatafuta njia, askari wangu mwenyewe amenizibia. Nikatafuta ya pili. Askofu wangu ndiye angenikinga, na askofu wangu alikuwa mbali, pale nilipompeleka kula ngome. Nilikaa nikiangalia mpaka nikaona yote, tangu mwanzo wake.

Haikuwa zawadi. Ulikuwa mtego. Alinitega kama ambavyo angemtega mtu yeyote anayemwogopa.

Nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia, msimamizi akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha, Kaburu kwenye ubao wa kwanza akageuka na uso wa msiba. Nilimlaza mfalme wangu nikicheka na machozi yale ya hasira bado hayajakauka. Nkubu tumeshindwa: Kaburu ameshinda, Kathuri droo, mimi na Mwirigi tumelala. Nitawaomba radhi njiani.

Ndipo Muchangi akainua kichwa. Aliniangalia usoni, miaka yote hii sikuwahi kujua macho yake ni ya rangi ya asali.

"Mama, ulikasirika," akasema.

"Nilidhani umenipa."

"Nikupe?" Akashangaa kweli. "Mama, mtego ule nimeutafuta tangu ulipomtoa malkia! Na kumtoa kwenyewe ulikosea. Hapa." Akaanza kurudisha kete haraka haraka. "Hapa ungetoa farasi. Na hapa, tazama, hapa ulikuwa unanizidi, nilitoka jasho, halafu ukanipa nafasi. Kwa nini ulisogeza askari huyu? Hakuna sababu! Na ngome, Mama, mtu akikuachia ngome unajiuliza kwa nini, huichukui tu kwa hasira. Ni kosa la mtu anayeanza."

Alisema hivyo mbele ya ukumbi mzima, kidole kikigonga ubao, tai imehamia begani. Nelius alikuwa amesimama nyuma yake amefunika mdomo. Hezekiah aliinama mbele aone vizuri farasi alipaswa kwenda wapi.

"Ni kweli," nikasema. "Panga tena."

Akazipanga, akaugeuza ubao ili nianze mimi, tukacheza. Akanishinda tena, na mara hii nilimchelewesha mpaka mwenye ukumbi akaja na funguo zake.